Mwite Fundi, Siyo 'Aliyeachika'

Mwezi huu nina stori ya mwanamke wa Korea, ila itatufikisha mpaka huku kwetu Busale.

Mwaka 2013 mwongozaji Kim Sung-hee alitoa filamu kuhusu Nora Noh, mbunifu wa mavazi wa Seoul aliyezaliwa 1928. Aliolewa bado binti mdogo, enzi Wajapani wanaitawala Korea na wasichana wanachukuliwa kwa nguvu kutumikishwa kingono na wanajeshi. Ndoa ilikuwa kinga. Haikudumu, akaachika hata miaka ishirini hajatimiza.

Wengine wangejifungia ndani. Yeye mwaka 1947 akaenda Marekani kusomea mitindo, akajiita Nora, jina la mke anayeondoka kwa mumewe katika tamthilia ya Henrik Ibsen. Aliporudi akafungua duka, na mwaka 1956 akafanya onyesho la kwanza la mitindo nchini kwake. Kwenye filamu ni bibi wa miaka themanini na kitu, na kazini bado yupo!

Na sisi je? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana marufuku Dar es Salaam. Kuna wasichana waliovamiwa mitaani kwa ajili ya nguo tu. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameandika kitabu kinachoeleza sakata hilo. Waliokataza sketi tunawasoma. Waliozishona je, unamjua hata mmoja?

Huku Kyela cherehani ziko barazani. Mama ameachwa na watoto, anashona sare za shule na magauni ya sendofu, ada inalipwa. Lakini muulize jirani, atakwambia, "Aa, yule aliyeachika?" Jamani! Kwa nini asiwe yule anayevalisha maharusi wa kata nzima?

Basi shoga yangu, na wewe kaka unayesoma kwa kuibia, simu yako ina kamera. Mfuate bibi au mama yako, mtoe albamu. Muulize gauni lile alishona nani, kitambaa kilitoka wapi, alilipa nini. Rekodi sauti yake, kisha andika jina la fundi na mwaka nyuma ya picha. Fundi akiwa bado hai, mpelekee nakala, na mbele ya watoto wake mwite kwa kazi yake.

Tukutane mwezi ujao!