Tembe zina nafasi katika kuokoa wajawazito

MAMA mjamzito ambaye kipimo cha juu cha shinikizo lake la damu kimefika 160, au cha chini 110, hana muda wa kungoja. Asipotibiwa upesi anaweza kuvuja damu ubongoni. Dawa za kudungwa mshipani zipo, ila zahitaji mhudumu wa kumwangalia mgonjwa kila mara, naye ni adimu mashambani.

Ndiyo maana utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za umma mjini Nagpur, India, na kuchapishwa mwaka wa 2019, una uzito. Wanawake 894 waligawanywa katika makundi matatu, wakapewa tembe za nifedipini, labetaloli au methildopa. Katika muda wa saa sita, shinikizo lilitulia bila madhara kwa asilimia 84 ya waliomeza nifedipini, 77 ya labetaloli na 76 ya methildopa.

Nifedipini iliongoza, japo watoto wengi zaidi wa kundi hilo walilazwa katika wadi ya wachanga mahututi. Lakini methildopa, dawa kongwe inayodhaniwa kufanya kazi polepole, iliwafaa watatu kati ya kila wanne. Zahanati isiyo na sindano, basi, haina kisingizio cha kumwandikia mgonjwa barua ya rufaa pekee ilhali tembe zimo kabatini.