Gongo peke yake halitoshi

Ndugu zangu vijana, hapa kambini mtu aliyevunjika mguu akishatolewa POP tunasema amepona. Bado! Mguu ukikaa wiki sita bila kusogea, misuli inasinyaa, goti linakakamaa. Dawa yake ni mazoezi ya viungo: kukunja, kunyoosha, kukanyaga kidogo kidogo, kila siku. Maumivu madogo yasitutishe. Yakizidi ama mguu ukivimba, rudi kituo cha afya.

Na ninyi wa mashirika, asanteni kwa magongo. Ila mtu akipewa gongo bila kufundishwa mazoezi, atazeeka nalo. Kliniki nayo iko mbali kwa mguu mmoja. Tufundisheni sisi wa kujitolea, tupite nyumba kwa nyumba. Kijana akitembea mwenyewe anarudi shule, anachota maji, hasubiri kubebwa.