Wakata utepe tunao, wapiga eksirei je?

Katika nchi hii mashine ya hospitali haikosi mkubwa wa kuizindua. Utepe hukatwa, ngoma hupigwa, kisha msafara wa magari huondoka na vumbi lake. Mwananchi aliyevunjika mguu kwa bodaboda akifika hapo baadaye, swali lake halihusu utepe. Anauliza: mpiga picha yupo?

Kama hayupo, mashine ni sanduku tu. Mgonjwa wa Urambo atafungwa mabanzi na kupelekwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Tabora, safari ya karibu kilometa 90. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu katika nchi hii kwenda Bagamoyo. Leo mzigo ni mgonjwa, na mpagazi ni ndugu yake aliyeuza gunia la mahindi ili apate nauli.

Urambo inalijua somo hili kuliko wilaya nyingi. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Urambo ilikuwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Huko Kongwa matrekta makuukuu, mengine masalia ya vita, yaliharibika mfululizo, mafundi wakawa haba. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, na pauni zaidi ya milioni 30 zikawa zimeteketea. Vyuma vilitangulia, watu wakasahauliwa. Je, sisi tuliojitawala tangu 1961 tumejifunza nini?

Hatusemi kwamba serikali haikununua kitu. Sehemu ya fedha za mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3 zilizokopwa Shirika la Fedha la Kimataifa, ilinunua mashine za CT skani na eksirei. Vema. Lakini deni hilo ni lako, msomaji, na la mkulima wa tumbaku wa Urambo. Mwenye deni ana haki ya kuuliza mashine zake zinaendeshwa na nani.

Asikudanganye mtu kwamba kazi hii ni kubonyeza kitufe. Baada ya Mjerumani Wilhelm Röntgen kugundua miali ya eksirei mwaka 1895, wengi waliotangulia katika kazi hii walipoteza vidole, na wengine maisha, kwa kutoijua hatari yake. Mteknolojia wa mionzi anajua kiasi kinachotosha kifua cha mtoto na kinachotosha nyonga ya mtu mzima. Humuuliza mama kama ana mimba. Humlaza mgonjwa sawasawa ili picha isirudiwe, kwa sababu kila kurudia ni mionzi mingine mwilini. Picha mbovu inaweza kumficha daktari kifua kikuu.

Sheria hazikosekani. Ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomiki, na ya 2007 inawahusu wataalamu wa radiolojia wenyewe. Kumkabidhi mashine mtu asiyesomea ni kuchezea miili ya walalahoi. Vigogo wao hupanda ndege wakatibiwe nje.

Kwako mzazi tunasema hivi: kijana wako wa sekondari ya kata anaweza kuifanya kazi hii. Akifaulu fizikia, kemia na baiolojia kidato cha nne, anaweza kuomba stashahada ya miaka mitatu. Chuo cha Bugando kipo Mwanza, Muhimbili ipo Dar es Salaam. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya. Mwambie asiikimbie fizikia.

Lakini ataipendaje fizikia kama shule haina mwalimu wa somo hilo wala maabara? Na akihitimu, atalihudumiaje taifa kama anakaa nyumbani na cheti chake akisubiri tangazo la ajira? Hapo lawama si ya kijana. Ni ya wanaopanga bajeti ya chuma bila kupanga bajeti ya mtu.

Tunadai jambo moja jepesi: mashine yoyote isinunuliwe bila nafasi ya mtaalamu wake kutengwa katika bajeti hiyo hiyo, pamoja na nyumba ya kumwezesha kukaa wilayani.

Nawe msomaji, diwani wako akiitisha mkutano, simama umuulize: mashine zetu za picha ni ngapi, zinazofanya kazi ni ngapi, na waliosomea kuziendesha ni wangapi? Akijibu kwa tarakimu, mpigie makofi. Akijibu kwa nyimbo za chama, usisahau. Siku ya kura itafika.