Cheni pana, meno membamba: acheni kututisha!

Jamani, hili limenichosha. Hapa Matiliku, kila ukipeleka baiskeli isiyo na gia kwa fundi, unaambiwa cheni ya inchi 1/8 haikai kwenye meno ya inchi 3/32, eti ununue vyote upya. Si kweli!

Chukua rula. Kutoka pini hadi pini, cheni zote mbili ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Tofauti ni upana wa ndani tu: milimita 3.2 kwa 2.4. Basi cheni pana humeza jino jembamba bila taabu, mradi meno ya mbele na ya nyuma yawe mstari mmoja. Cheni nyembamba kwenye jino nene ndiyo haiingii, usilazimishe.

Ni kama programu mpya inayofungua faili la zamani. Kinyume chake hukwama.

Kinachokula meno ni cheni iliyochakaa. Pima nafasi 24 za pini: ikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa inchi 1/8, itupe, kisha kagua meno.

Mafundi, anayebeba mitungi ya maji kwa baiskeli hana pesa za kuchezewa. Muuzieni anachohitaji tu. Unabisha? Lete rula!