Dawa Imemezwa, Je, Imefika?



Miongoni mwa vijana wetu wa Pwani waliokwenda Nyeri kusomea uuguzi, mmoja alipelekwa kufanya mazoezi ya kazi karibu na Chaka, mji mdogo ulio kwenye barabara ya Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, ambao wasafiri wengi huujua kwa nyama yake ya kondoo. Ametuletea swali. Mama mjamzito alihudhuria kliniki mara tatu, na kila mara alieleza kwamba amevimaliza vidonge vya kuongeza damu kama alivyoagizwa; lakini kila alipopimwa, damu haikupanda. Muuguzi wa zamu akamwambia mbele ya watu kwamba anavitupa. Mama akalia, akaapa kuwa hakutupa hata kimoja. Mwanetu anauliza: katika hawa wawili, nani wa kusadikiwa?

Hatukuwapo, wala hatumhukumu mtu kwa barua. Ila tunajua kwamba wote wawili wanaweza kuwa wamesema walichokiona. Kumeza ni jambo moja, na kufyonzwa ni jingine. Kidonge kilichomo tumboni ni kama mgeni aliyeketi barazani: amefika nyumbani, lakini hajaingia ndani. Sharti kwanza kiyeyuke, kisha kiteremke kwenye utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, na ukuta wake umejaa vijinyweleo visivyohesabika. Hapo ndipo dawa nyingi zinapopenya kuingia damuni. Na damu hiyo itokayo utumboni haiendi moyoni moja kwa moja. Hupitishwa kwanza kwenye ini, nalo ini hutoza ushuru wake kama forodha ya bandarini. Ndiyo maana kipimo cha mofini ya kunywa huwa kikubwa mara mbili au tatu kuliko kile cha sindano. Insulini hata haifiki kwenye forodha hiyo: ni protini, na tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya hiyo nyama ya Chaka.

Sasa tumtazame mama yule. Nyeri ni nchi ya majani ya chai na ya ng'ombe wa maziwa, na mgeni huko hukaribishwa kwa kikombe cha chai ya maziwa kama sisi tunavyomkaribisha kwa kahawa. Kidonge anachopewa mjamzito nchini Kenya kina miligramu 60 za madini ya chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi foliki. Chuma hicho kikikutana na tanini za chai, hushikamana nazo kikawa kitu kisichopenya ukuta wa utumbo. Madini ya chokaa yaliyomo katika maziwa nayo huzuia kwa njia yake. Basi mama aweza kumeza vidonge vyote kwa uaminifu, na sehemu kubwa ya chuma ikatoka kama ilivyoingia. Kisha siku ya kujifungua ikamkuta damu yake ni haba, na huo ndio wakati ambao mwanamke hana damu ya kupoteza.

Kwa hiyo, mwanetu, kabla ya kumwuliza mgonjwa kama anameza, mwulize anameza na nini, na saa ngapi. Mwambie atumie maji, au maji ya machungwa ambayo husaidia chuma kupenya, na chai ingoje muda wa saa moja au mbili. Tumbo likimchafuka, ale chakula kidogo pamoja na kidonge kuliko kukiacha kabisa. Na ikiwa amefanya hayo yote na damu bado haipandi, apimwe minyoo, malaria na magonjwa mengine ya damu. Kumwaibisha mbele ya watu hakuongezi damu.

Wala usiondoke hapo ukidhani maziwa ni adui wa kila dawa. Huko kwenye baridi malaria ni nadra, na mara nyingi huletwa na msafiri. Sisi wa Kilifi na Kwale tunaijua kama jirani. Dawa ya artemetha na lumefantrini, ambayo Kenya iliiteua mwaka 2004 kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali, inahitaji mafuta. Lumefantrini ikimezwa kwa maji matupu juu ya njaa, kidogo sana huingia damuni. Ikimezwa na maziwa au wali wa nazi, huingia mara nyingi zaidi. Ni maziwa hayo hayo yanayoifunga siprofloksasini na tetrasaiklini zisipenye. Basi mtu akikuuliza, "Nimeze na maziwa?" mwulize kwanza jina la dawa.

Baridi yenyewe ina athari pia. Dawa iliyodungwa kwenye misuli au chini ya ngozi hungoja damu ipite kuichukua, na mwili uliopoa hupitisha damu kidogo hapo. Insulini iliyozoeleka katika joto la Mombasa yaweza kuchelewa asubuhi ya mlimani. Na mgonjwa aliyezimia kwa kupoteza damu hutiwa dawa mshipani, kwa kuwa misuli yake haimfikishii kwa wakati.

Katika Ramadhani maswali haya huja kwetu masheikh, na wataalamu wa fiqhi nao walilazimika kuzitazama njia hizi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jidda cha mwaka 1997, liliamua kwamba funga haibatiliki kwa sindano ya ngozi, ya misuli au ya mshipa isipokuwa ile ya lishe, wala kwa dawa ya kupakwa au kubandikwa kwenye ngozi, wala kwa kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi, maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Kidonge hicho cha ulimini hupenya damuni bila kupita kwenye ini, nacho huhitajika papo hapo. Mwenye maumivu ya kifua asingoje magharibi.

Ama mjamzito, ruhusa yake ya kula akichelea madhara inajulikana. Anayefunga na daktari wake ameridhia, asivimeze vidonge vya chuma pamoja na chai ya futari. Aviweke kando ya kitanda, avimeze kwa maji anapokwenda kulala.