Lori Hulipwa Likingoja, Dereva Je?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi na Ulinzi wa Jamii, Nairobi. Nakala kwa Gavana wa Kaunti ya Migori na kwa Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha.

Mheshimiwa Waziri,

Barua hii inaandikwa Suna, mjini Migori, ambako barabara ya A1 hukata katikati ya mji na malori kutoka Tanzania hupita mchana na usiku. Huondoka Mwanza, yakapita Magu, Lamadi, Bunda na Tarime, yakavuka mpaka kati ya Sirari na Isebania, kisha yakashika njia ya Migori, Awendo na Rongo. Pale Rongo mengine hukata kushoto kuteremkia Homa Bay. Yaliyobaki hupanda Kisii kuelekea Ahero, Kisumu au Nairobi. Yamebeba mahindi, mchele, vitunguu, machungwa na dagaa. Mama muuza vitunguu wa soko la Migori anaweza kukutajia bei ya gunia ilivyokuwa Tarime jana asubuhi. Muulize dereva aliyelileta gunia hilo analipwa nini, atacheka.

Anayezungumziwa humu ni dereva wa masafa marefu anayefanya kazi nje ya nchi yake: Mtanzania aliyeajiriwa na mwenye lori wa Kenya, Mkenya anayemwendeshea tajiri wa Mwanza, na yule ambaye hata mwenyewe hana hakika ameajiriwa nchi gani, kwa sababu lori limesajiliwa huku, tajiri anaishi kule, na mkataba haupo popote.

Dereva wa namna hii mara nyingi hulipwa kwa safari. Kabla ya kuondoka hukabidhiwa posho: chakula, maegesho, gesti, cha utingo, na kile kinachoachwa kwenye vizuizi vya barabarani ambacho hakina risiti (tusijifanye hatukijui). Mshahara wa mwezi, ukiwapo, huwa mdogo, na pato lenyewe ni kile kinachosalia kwenye posho safari ikiisha. Safari ya siku 3 ikichukua siku 3, anarudi nyumbani na kitu mkononi. Ikichukua siku 9, amekula ujira wake mwenyewe akiwa amelala chini ya trela.

Siku hizo za ziada hazitokani na uvivu wake. Tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliandika barua ya kusitisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache Wizara ya Kilimo ikalegeza kamba: mahindi yaingie, ila waagizaji wasajiliwe na mzigo uwe na cheti kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiafya uamuzi ule unatetewa bila shida. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 Ukambani, na hakuna anayetaka kurudia mazishi yale. Lakini barua ya Nairobi iliwakuta madereva wakiwa barabarani na mahindi mgongoni. Suala hilo lilipanda hadi meza ya marais wawili, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi Mei mwaka huo. Wafanyabiashara walihesabiwa hasara yao, wakulima wakatetewa, na sawa kabisa. Siku za dereva hazikuwa kwenye ajenda.

Mwaka mmoja kabla yake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tarehe 16 Mei 2020, Rais Uhuru Kenyatta alifunga mpaka wa Tanzania kwa watu wote isipokuwa mizigo, na kila dereva akatakiwa apimwe korona. Tanzania nayo ikachukua hatua zake, malori yakakwama, na ikabidi viongozi wa pande zote mbili wakutane mpakani Namanga kutafuta mwafaka. Kwa wiki hizo dereva wa lori alikuwa mtu wa kuogopwa kila alikosimama, ilhali unga, mafuta na sabuni za watu waliojifungia majumbani vilikuwa vinaletwa naye. Januari 2022 ikawa zamu ya Uganda: serikali ya Kampala ilimtaka kila dereva apimwe kwa dola 30, madereva wakaweka funguo chini, na upande wa Kenya wa mpaka wa Malaba foleni ikanyooka makumi ya kilomita.

Sasa, Mheshimiwa Waziri, swali ambalo barua hii imebeba: nani alilipia siku hizo?

Kwa upande wa lori jibu linajulikana. Mikataba mingi ya usafirishaji ina kipengele cha fidia lori likikawishwa: siku za neema zikipita, mwenye mzigo anamlipa mwenye gari kiasi fulani kwa kila siku gari linaposimama. Chuma kinakubaliwa kwamba kina haki ya kulipwa kikingoja, kwa kuwa kikisimama hakizalishi. Binadamu aliyefungwa kwenye chuma hichohicho, asiyeweza kuondoka hata kwenda kuoga bila kumwachia utingo ulinzi wa mzigo na tangi la dizeli, anahesabiwa kuwa amepumzika.

Wenye malori wana hoja, na ni haki isikilizwe. Wengi si makampuni makubwa. Ni watu wenye lori moja au mawili ya mkopo wa benki, na mkopo haujui kwamba mpaka umefungwa. Watasema: serikali ndiyo iliyonichelewesha, kwa nini nimlipe dereva mimi? Lakini wale wanaolipwa fidia ya kukawishwa wamekwisha kuonyesha kwamba gharama ya kungoja inaweza kupelekwa kwa mwenye mzigo. Kinachotakiwa ni kiasi cha dereva kiandikwe ndani yake.

Sheria za Kenya si haba katika jambo hili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi. Kifungu cha 19 kinaruhusu mwajiri amkate mfanyakazi gharama ya mali iliyoharibika, lakini kiasi kiwe cha haki na uharibifu uwe umetokana na makusudi yake. Vitunguu vilivyooza Isebania kwa sababu cheti kimechelewa si makusudi ya mtu aliyeshika usukani, na bado makato ya namna hiyo ni hadithi ya kawaida kila madereva wanapokutana kunywa chai. Sheria ya Fidia za Ajali Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Dereva mwenyewe huijua zaidi kadi ya njano ya bima ya kuvukia mpaka, ambayo hushughulikia madai ya waliogongwa na gharama za matibabu ya waliomo garini. Mguu ukivunjika, kadi hiyo haimlipi miezi atakayokaa nyumbani.

Kipo kifungu kingine kinachokuhusu wewe, Mheshimiwa, kwa cheo chako. Kifungu cha 5 cha Sheria hiyohiyo ya Ajira kinasema ni wajibu wa Waziri, wa maofisa wa kazi na wa mahakama kukuza na kuhakikisha usawa wa fursa kwa mfanyakazi mhamiaji aliyemo Kenya kihalali. Bunge lingeweza kuuacha wajibu huo kwa waajiri peke yao. Liliamua kuuweka mezani kwako.

Ugumu umejificha kwenye neno kihalali. Madereva wengi wa kigeni huingia na muhuri wa mpita njia au mgeni. Yule aliyeajiriwa na tajiri wa Kenya bila kibali cha kazi anajua kwamba siku atakayokwenda kulalamika, swali la kwanza litakuwa la karatasi zake, na mshahara utasahauliwa. Kwa hiyo ananyamaza. Tajiri naye anajua kwamba atanyamaza. Hata hivyo, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilitaka kwenye ibara ya 10 kusiwe na ubaguzi wa uraia katika ajira, malipo na masharti ya kazi kwa wafanyakazi wa nchi wanachama. Maneno ni mazuri. Hapa Suna hayajaonekana yakishuka kwenye lori.

Saa za kazi zinaingia papa hapa. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinakataza kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Dereva anayelipwa kwa safari, aliyepoteza siku 4 mpakani, atazitafuta usiku kati ya Rongo na Nairobi, na askari anayemsimamisha hamuulizi amelala lini. Lori lililoacha njia Londiani tarehe 30 Juni 2023 liliua watu 52. Serikali ikazungumzia kuhamisha masoko yaliyo kando ya barabara. Wauza nyanya wahamishwe, sawa. Lakini mfumo wa malipo unaowasukuma madereva wa nchi nzima kufidia muda usiku hauhamishiki pamoja na meza za nyanya.

Shirika la Kazi Duniani lililiona hili zamani. Mkataba wake nambari 153 wa mwaka 1979 unaweka kikomo cha saa 4 za usukani mfululizo bila mapumziko, saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki, na unaruhusu muda ambao dereva yuko kwenye gari akisubiri, pasipo uhuru wa kuutumia apendavyo, uhesabiwe kuwa muda wa kazi kwa kiasi kitakachopangwa na kila nchi. Kiasi hicho ndicho Kenya inachoweza kukipanga.

Madereva wakichoka kusubiri sheria, huegesha. Tarehe 10 Aprili 2015 mabasi hayakuondoka Ubungo, Dar es Salaam. Madereva wa mabasi na malori waligoma, wakipinga kurudishwa darasani kila wanapohuisha leseni na wakidai jambo rahisi mno, mikataba ya ajira. Mei wakagoma tena. Dai la mkataba lilikuwa la Watanzania wanaofanya kazi kwao, mbele ya serikali yao. Anayefanya kazi ugenini hana hata Ubungo ya kugomea.

Au anayo? Machi 2023, kwenye kituo cha mapumziko cha Gräfenhausen karibu na Darmstadt, Ujerumani, madereva zaidi ya 60, wengi kutoka Georgia na Uzbekistan, waliegesha malori ya tajiri wa Poland wakakataa kuondoka hadi walipwe. Hawakuwa Wajerumani wala hawakuajiriwa na Mjerumani. Walikuwa tu wamesimama kwenye ardhi ya Ujerumani. Ijumaa Kuu tajiri alifika na walinzi binafsi na gari la deraya, polisi wakamkamata pamoja nao. Kabla ya Aprili kwisha madereva walikuwa wamelipwa takriban yuro 300,000. Nguvu yao ilikuwa karatasi za mizigo: zilitaja makampuni yenye mali iliyomo, na tangu Januari mwaka huo sheria ya Ujerumani inayawajibisha makampuni makubwa kwa yanayotendeka kwenye minyororo yao ya ugavi. Kiangazi wenzao wengine walirudia mgomo palepale.

Mfano wa mbali, ndiyo, lakini si wa mbali na Nairobi. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya ilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira na Ujerumani, na madereva wa mabasi kutoka Kenya tayari walikuwa wanafunzwa Flensburg. Serikali inayowatakia hao mkataba, bima na saa za kupumzika huko Ulaya haitashangaa ikiombwa hivyohivyo kwa Mtanzania aliyeegesha Isebania.

Kwenye kituo cha pamoja cha mpaka, dereva hupita mbele ya forodha, uhamiaji, afya ya mpakani, wakaguzi wa ubora na wa mimea. Huyu anauliza mzigo, yule anauliza pasi, mwingine anauliza homa. Hakuna kati yao ambaye kazi yake ni kumuuliza kama amelipwa. Wizara yako inaweza kumweka ofisa wa kazi pale, akiwa na mamlaka aliyopewa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007, na agizo la wazi kwamba malalamiko ya mshahara hayatapelekwa dirisha la uhamiaji. Amri ya mishahara ya kima cha chini tayari inamtambua dereva wa magari makubwa; iongezwe humo siku ya kungoja. Kwa dereva aliyeajiriwa Tanzania, ambaye amri ya Nairobi haimfiki, Arusha ndiyo inayoweza kuandaa mkataba mmoja wa mfano, kwa Kiswahili, unaokubalika Sirari na Isebania. Na Mheshimiwa Gavana, malori hutozwa ada yakiegesha. Choo, bafu na taa ya usiku vinaweza kutoka humo bila kungoja mtu yeyote Nairobi.

Wengine watasema kungoja hakuthibitishiki, kwamba kila dereva atadai siku anazotaka. Hapo serikali inajisahau. Mfumo wa forodha unaandika saa tamko la mzigo lilipoingia na saa mzigo ulipoachiliwa. Ushahidi uko kwenye kompyuta za Mamlaka ya Mapato, umbali wa madirisha machache kutoka pale dereva anaposimama. Kwa kuanzia, kabla ya amri, kabla ya itifaki, Wizara ikubaliane na Mamlaka hiyo kwamba kila dereva anayetoka Isebania apewe kipande cha karatasi chenye jina lake, namba ya gari, saa ya kuingia na saa ya kutoka, chenye muhuri ambao tajiri wake hawezi kuubishia.

Mkazi wa Suna,
Migori