Elimu Kubwa Yaweza Kukaa Juu ya Meza

Wako wenzetu wanaoacha fizikia wakisema kwamba sayansi kubwa ni ya watu wenye mitambo mikubwa, na kwamba kazi yetu sisi ni kukariri tu. Mimi sikubaliani nao, na napenda kueleza sababu yangu.

Mwaka 1984 wataalamu wa maabara ya Livermore, Marekani, walipata leza ya eksirei kutoka katika plazima. Plazima ni gesi iliyopata moto mkali hata atomi zake zikapokonywa elektroni. Radi impigapo mtu mti, njia yake angani ni plazima. Ili kuipata, iliwabidi kupiga utando mwembamba wa seleni kwa leza nyingine kubwa mno, iliyoitwa Novette. Nani kati yetu angethubutu kuota kuwa na kitu kama hicho?

Lakini mwaka 1994 Jorge Rocca, aliyeanzia masomo yake ya fizikia katika chuo kikuu cha Rosario, Argentina, alipata njia nyingine pamoja na wenzake huko Colorado. Walipitisha umeme wa nguvu, kwa kitambo kifupi kuliko kufumba jicho, ndani ya kijibomba chembamba chenye gesi ya agoni. Gesi ikabanwa, ikawa plazima, ikatoa leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 46.9. Wimbi la nuru ya kijani ni refu kuliko hilo zaidi ya mara kumi. Na mtambo wenyewe waenea juu ya meza!

Faida yake ni nini? Nuru haionyeshi vizuri kitu kilicho kidogo kuliko wimbi lake. Kwa hiyo leza hii huonyesha vitu visivyoonekana kwa hadubini zetu za kawaida. Tena hupenya plazima nzito inayozuia nuru ya kawaida, na wataalamu wakaweza kupima wingi wa elektroni zilizomo.

Basi, kilichopunguza mtambo ule ni fikira. Sisemi kwamba vifaa si kitu. Nawaomba walimu watufungulie kabati la maabara mara nyingi zaidi, hata kama tutavunja chupa moja mbili. Wazazi nao wasituulize alama tu, bali watuulize tumejaribu nini. Nasi wanafunzi tuache woga. Penye nia pana njia.